Ulimi wa Bamba

Nilikinunua Mwanjelwa, Jumamosi ya mvua,
kwa muuzaji aliyekilaza kati ya tochi na nyembe.
Kisu cha kukunja, mpini mweusi,
bado kinanuka grisi na boksi.
"Kipya kabisa hiki, dada," akasema,
kana kwamba upya ni sifa.

Kufika Katumba, dole gumba limeshavimba.
Kukifungua ni kama kubisha kwa mtu asiyekutaka:
kinakwama nusu, kinasita,
halafu kinaruka chenyewe, ta!
na ndani ya mpini ule ulimi wa chuma,
bamba jembamba kama ukucha,
unasogea kuegemea kisigino cha bapa.
Kuegemea tu. Unene wa unywele.
Kama mgeni aliyekalia ukingo wa kiti,
mkoba bado mapajani.

Mimi najua kisu kisichoshika kinafanya nini.
Kile cha mama, ulimi wake ulishavuka bapa zima
ukafika ukuta wa pili, hakuna tena pa kwenda.
Siku moja kilijifunga katikati ya mche.
Kidole cha shahada kinayo alama mpaka leo,
nyeupe, imenyooka, kama mstari wa daftari.

Basi nikachukua tupa.
Nikasema nitaulamba ulimi huu kidogo, uingie ndani.
Ambakisye, mchonga funguo wa stendi ya Tukuyu,
akaninyang'anya tupa hata kabla ya salamu.
"Ukila chuma leo, kesho utakirudisha na nini?"
Akamulika kwa simu, jicho moja amelifumba.
"Umeshika robo. Kipya kinashika robo.
Kikianza kimejaa, uzeeni kitahamia wapi?"
Akagonga mgongo wa bapa mezani, polepole, mara tatu,
kama anayepiga hodi kwa mgonjwa.
Ulimi haukuteleza.
Akadondosha tone la mafuta ya cherehani kwenye kiungo.
"Nenda. Fungua, funga. Usihesabu."

Nikahesabu. Mtu wa kitalu huhesabu hata usingizini.
Mia mbili usiku wa kwanza,
Lusekelo akigeukia ukutani, akinung'unika
kwamba nyumba imeingia panya wa chuma.
Siku ya nne kikanata: kufunguka kinafunguka,
kufunga ulimi hautaki kutoka,
nikausukuma kwa kucha hadi kucha ikapasuka.
Nikakitukana kwa Kinyakyusa, ambacho
kwa matusi ya vyombo hakina mpinzani.
Nikakifuta. Nikaanza upya.

Sijui ni siku gani sauti ilibadilika.
Nilikuwa chini ya neti, ukungu wa Rungwe
umeingia kitaluni bila kuinama,
nikakifungua nikifikiria ada ya shule,
na badala ya ta nikasikia tu,
zito, fupi,
kama mlango wa ghala la chai ukirudi mahali pake.

Nikabebesha siku ile parachichi themanini.
Kikonyo nakichonga kabari, pande mbili, pigo moja moja;
shina nalipasua katikati;
bapa likasukumwa, likapindwa, likavutwa,
na mkononi mwangu hakikutikisika kitu.
Nikafunga nailoni. Nikaandika tarehe kwenye kibao.

Wiki ya nne nikapita nikibonyeza miche kwa kidole.
Tisa imekauka, nikaing'oa.
Mingine ina jicho la kijani, dogo,
bado linajikunja, bado halijaamua.

Jioni nikaazima tochi, nikachungulia mpini.
Ulimi umesogea. Theluthi, pengine pungufu kidogo.
Chuma kimekula chuma, wala hakuna aliyekiamuru,
pamebaki mng'ao mwembamba pale vinapokutana.

Lusekelo akanyoosha mkono:
"Niazime basi, nimenye muwa."
Nikakikunja, nikakitia mfukoni mwa kitenge.
Nikamwambia, bado.